Mpimento wa Icilda

Boston, Portland
6 Septemba 1981

Kwa Shangazi Icilda,

Shikamoo. Ni mimi Linval, mtoto wa kaka yako Uriah. Ulipoondoka kwenda Uingereza nilikuwa na miaka mitatu, na wanasema nilikulilia mpaka nikakutapikia viatu. Kama hujanisamehe, nisamehe sasa.

Huku kisiwani mvua imetukalia wiki nzima. Bi Vashti jirani, yule muuza shelisheli za kuchoma, anakusalimu sana. Anasema picha yako ya koti la manyoya ameibandika bandani kwake kutishia kuku. Baba yu hai, tunashukuru. Tangu kiharusi cha Februari mkono wa kulia haujarudi, mguu anauburuta, na usemi umepotea kabisa, hata nusu ya neno hamna. Kilichobaki ni macho na mkono wa kushoto, na kwa viwili hivyo ananitawala vizuri tu.

Shangazi, shida yangu ni hii. Mimi ni fundi redio. Mwezi Machi nilifunga kibanda changu Kingston nikaja kushika shimo la Baba la kubanikia nyama, maana nani mwingine? Nikadhani kubanika nguruwe ni nguruwe na moto. Kumbe. Jumamosi dereva wa lori la ndizi alitafuna kipande kimoja, akakirudisha kwenye karatasi taratibu, akaniuliza, "Kijana, huyu nguruwe alikufa kwa ugonjwa gani?" Watu walicheka mpaka barabarani. Baba alikuwa amekaa pale kwenye benchi lake, na machozi yalimtoka.

Viungo vyake hakuviandika popote. Alikuwa akitia mkono kwenye ndoo, basi. Sasa aliyebaki duniani anayevijua ni wewe peke yako. Nakuomba uniandikie.

Kuna jambo jingine silielewi. Nikienda kutoa fito za kubanikia kwenye pipa la maji, au gogo kwenye lile rundo la ukutani, Baba hunishika shati na kuguna mpaka jasho linamtoka. Nadhani anaona naupanga moto vibaya. Na juu, kwenye boriti ya banda, kuna kijiti kimoja kinene, urefu wa mkono wangu, amekifunga kwa waya. Siku nilipokigusa alinichapa kwa bakora, mimi mtu mzima wa miaka ishirini na minane.

Ni mimi mpwa wako,
Linval

*

Birmingham
30 Septemba 1981

Mwanangu Linval,

Marahaba. Viatu vile nilivivaa miaka sita baada ya hapo, kwa hiyo deni hatuna. Huku baridi imeanza kubisha hodi kabla ya zamu yake. Mimi mzima, ila kikohozi kidogo na uchovu, ndiyo umri huo. Mwambie Vashti koti lile ni la kuazima, asilikoseshe heshima.

Haya, shika kalamu. Kwanza pimento, zile punje za mti wa mpimento. Sitaki kusikia ya unga. Huku wanaiuza kwenye kikopo na kuitia kwenye keki ya Krismasi. Siku niliyowaambia kazini kwamba kwetu inaingia kwenye nguruwe, walinitazama kama mchawi. Chukua punje kavu, zipitishe kwenye kikaango kikavu mpaka zikupigishe chafya, kisha ziponde. Vitunguu vya majani pamoja na vichwa vyake vyeupe. Thaimu, kitunguu saumu, tangawizi. Nusu ya kungumanga, kwangua. Mdalasini kwa aibu, chumvi bila aibu. Na pilipili mbuzi, nyekundu na za njano, na mbegu zake zote. Ukitoa mbegu nitajua kutoka hukuhuku. Usipime kwa kijiko. Ponda mpaka Vashti aanze kukohoa huko aliko. Akikohoa mara moja bado, mara tatu imetosha. Kisha mchanje nguruwe, umsugue, umwache alale nayo hadi kesho.

Na funika. Nahisi hufuniki. Bibi yako alizaliwa juu Moore Town, kwa Wamaruni, na hili alituimbia kuanzia asubuhi hadi jioni. Wazee wao walipotoroka utumwa kwenye mashamba ya miwa ya Waingereza walipanda milimani, wakakuta wenyeji wa kale wanabanika nyama juu ya vichanja vya miti ya mpimento, nao wakajifunza. Chumvi ilikuwa haba. Pilipili na pimento ndizo zilizoilinda nyama wakiwa mbioni. Walichimba shimo, wakatandaza fito mbichi za mpimento juu ya makaa, nguruwe mwitu juu yake, halafu majani na udongo, ili askari wasiuone moshi. Kwa hiyo moshi wako ukipanda kama wa treni, jua kwamba babu zako wangenyongwa kwa ajili yako. Sisi sasa tunafunika kwa bati, lakini sababu ni ileile: moshi kazi yake ni kuingia kwenye nyama.

Sasa na mimi nina ombi. Nyuma ya jiko la nyumba, kwenye jiwe bapa, kuna mpimento wangu. Kitovu changu kimezikwa pale, na mama akapanda mche juu yake siku hiyohiyo, mche ulioota kwa mbegu iliyodondoshwa na ndege, maana mpimento hauoti kwa mkono wa mtu. Kila mtoto wa nyumba ile ana mti wake. Wa baba yako ni ule mnazi wa kibarazani. Mwakani nataka kurudi. Nataka nikae chini ya mti wangu, na siku yangu ikifika mnilaze hapohapo, kichwa upande wa jiwe. Niambie hali yake. Mengine yote unaweza kusahau kuniandikia, hilo usisahau.

Na simu usinipigie. Simu ya nini, na ninayetaka kuongea naye hasemi?

Shangazi yako,
Icilda

*

Boston
26 Oktoba 1981

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole na kikohozi. Huku tuko salama, na mbwa wa Bi Vashti amezaa watoto sita chini ya benchi la Baba, kwa hiyo sasa Baba ana askari.

Barua yako nimeibandika ukutani, tayari ina madoa ya mafuta. Ijumaa nilikaanga, nikaponda, nikalia, nikaponda tena. Bi Vashti alikohoa mara moja, nikaendelea. Mara ya tatu alitoka na mwiko mkononi, akaniambia, "Linval, kama unataka kuniua sema, nivae gauni zuri." Nikajua imetosha. Jumamosi yule dereva alirudi, akala hadi kipande cha mwisho. Akaniletea karatasi yake niongeze. Shangazi, nilikwenda nyuma ya banda nikasimama huko peke yangu kidogo.

Baba nilimlisha mwenyewe. Alitafuna muda mrefu huku amefumba macho. Halafu nilimsomea barua yako, na nilipofika pale unaposema utarudi mwakani, alinionyesha kidevu. Sikuelewa. Akanionyesha tena. Alitaka anyolewe ndevu. Nikamwambia Baba, ni mwakani, si leo, lakini ikabidi nimnyoe. Sasa kila Jumapili lazima.

Kuhusu nyuma ya jiko, majani yameota sana kwa mvua hizi, sijapata nafasi ya kufyeka. Nitakuandikia.

Mpwa wako,
Linval

*

Birmingham
19 Novemba 1981

Linval,

Salamu, na msalimie kaka yangu na kidevu chake. Mwandiko umelala kwa sababu naandika nikiwa nimeegemea mto. Wamenichukua damu, wamenipiga picha za kifua, sasa wanaongea wao kwa wao mlangoni. Kazini nimeomba ruhusa. Yatakwisha.

Chakula chote kinanijia kama karatasi. Jana nilikaa nikawaza shelisheli ya kuchoma na kipande cha nguruwe chenye ngozi yake, nikajikuta nameza mate matupu. Nikamkumbuka Uriah. Nikichelewa kutoka shule alikuwa akinifunikia chakula, sahani juu ya sahani, anaiweka juu ya kabati na kukaa mlangoni akilinda. Hata baba yetu hakuruhusiwa kuigusa. Mara moja nilichelewa siku mbili, nilikuwa nimekwenda kwa bibi Moore Town bila kuaga. Nilipata bakora kwa mama, na kwa Uriah nikapata sahani ya siku mbili, imeota ukungu, na ilibidi nijifanye nakula.

Hukunijibu kuhusu mti wangu. Majani yaliyoota yafyekwe, mwanangu, panga mnalo. Nakuomba kitu kidogo tu: nitumie punje za mti ule. Konzi moja ndani ya bahasha, zilizovunwa mwaka huu. Ziwe za mti wangu, si wa mtu mwingine. Nataka niziweke chini ya mto ninuse.

Icilda

*

Boston
10 Desemba 1981

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, tunakuombea usiku na mchana. Baba anakuombea pia, najua kwa sababu akisikia jina lako anavua kofia. Watoto wa mbwa wamebaki wanne, wawili wamepata kwao.

Nimekwenda nyuma ya jiko kama ulivyoagiza. Mti wako, Shangazi, usiwe na wasiwasi nao hata kidogo. Umesimama imara, gome lake jeupe linateleza kama ulivyouacha. Na mwaka huu umezaa. Umezaa mpaka matawi yameinama, ndege wanagombana humo kutwa. Nilichuma mwenyewe, nikaanika juu ya bati siku nane, na ndani ya bahasha hii nimeweka konzi mbili badala ya moja. Jiwe bapa nimelisafisha. Ukija utakaa.

Pona tu. Krismasi njema.

Linval wako

*

Birmingham
11 Januari 1982

Linval,

Heri ya mwaka mpya kwenu wote. Nimepata bahasha. Nimezinusa. Ni pimento nzuri, ya mwaka huu, imeanikwa vizuri, na aliyeichuma ana moyo mzuri.

Mti wangu ni dume, mwanangu.

Kumbe hukulijua hilo, mtoto wa Kingston. Mpimento dume hutoa maua na hauzai hata punje moja, tangu kuumbwa kwa dunia. Na mche ukiwa mdogo hakuna anayeweza kukuambia ni upi. Mama alipanda, akangoja miaka saba, minane. Ilipofika msimu miti yote ikazaa, wangu ukasimama tu na majani yake. Ndugu zangu walicheka. Shuleni waliniita Dume. Nilipoolewa nisipate mtoto, wakwe zangu walipopata habari za mti ule walisema basi, si ajabu. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba hilo ni moja kati ya mambo yaliyonipandisha meli.

Kwa hiyo nilikutega, unisamehe. Niliogopa kuuliza kitu kimoja moja kwa moja, nikauliza kwa kuzunguka, na umenijibu.

Madume ndiyo yanayokatwa fito. Hilo nalijua tangu kabla hujazaliwa. Sasa niandikie ukweli. Usinihurumie, nina madaktari watatu wa kunihurumia na hawajanisaidia.

Icilda

*

Boston
2 Februari 1982

Shangazi,

Shikamoo. Nimeianza barua hii mara nne.

Mti haupo. Kuna kisiki karibu na jiwe bapa, kimechipua machipukizi mawili na yote mawili yameliwa na mbuzi.

Nilipopata barua yako ya Septemba nilikwenda nyuma ya jiko, nikaona visiki vingi, nikajua sijui nautafuta upi. Nikamwendea Bi Vashti. Nikamuuliza, "Mti wa Shangazi Icilda ni upi?" Aliacha kugeuza shelisheli. Akaniambia, "Wewe mtoto wewe. Umeubanikia nguruwe tangu Machi, leo unaniuliza mimi uko wapi?"

Lile rundo la ukutani lilikuwa wewe, Shangazi. Zile fito ndani ya pipa pia. Kila nilipoinama kuchukua, Baba alinishika shati, na mimi nikamtoa mkono, nikamwambia tulia Baba, najua kupanga moto. Nilimtoa mkono kila siku, kwa miezi sita. Hadi barua yako ilipofika nilikuwa nimekwisha kuumaliza wote, kasoro kile kijiti kwenye boriti.

Bi Vashti amenieleza mengine. Tufani ya mwezi wa nane mwaka juzi iling'oa mipimento karibu yote ya bonde hili, na madume yaliyobaki yakakatwa upesi. Majike hayakatwi na mtu anayetaka punje za mwakani. Wenye mashimo walianza kubanika kwa mbao za kawaida na wateja wakaanza kutapika maneno. Baba alikataa. Alifunga shimo, akakaa. Kila Ijumaa alivaa kofia akaenda posta kuuliza barua kutoka Uingereza. Alikwenda Oktoba, Novemba, Desemba. Barua gani, Bi Vashti hajui, na Baba hasemi. Baada ya Krismasi akachukua shoka. Bi Vashti anasema aliukata kwa siku tatu, mti ambao angeweza kuumaliza kwa asubuhi moja. Wiki tatu baadaye akaanguka pale pale bandani. Watu walisema waliyosema, kwamba mtu hakati kitovu cha dada yake akabaki mzima.

Juzi nilikaa mbele yake nikamwambia, "Baba, Shangazi ameshajua." Akafunika uso kwa ule mkono mmoja. Sijui nimfanyie nini. Redio ikiharibika naifungua, naona waya uliokatika. Huyu simwezi.

Nisamehe kwa zile punje. Zilikuwa za mti wa Bi Vashti.

Linval

*

Birmingham
9 Machi 1982

Linval mwanangu,

Anayeandika ni muuguzi wa hapa wodini, msichana wa Barbados, mimi nasema yeye anaandika, kwa hiyo makosa yote ni ya Barbados. Amecheka. Nawasalimu wote, na mbwa.

Barua aliyokuwa akiingoja kaka yangu ni yangu. Aliniandikia Septemba ya mwaka juzi, baada ya tufani. Aliniomba ruhusa. Aliandika kwa adabu, ukurasa mzima, kwamba fito zimekwisha, kwamba shimo la baba yetu litafungwa, kwamba hatagusa mti bila neno langu. Na mwishoni, ili kunirahisishia, akaongeza: "hata hivyo ni dume tu, hauzai kitu." Hakuwa na nia mbaya. Uriah hajawahi kuwa na nia mbaya na mtu. Lakini niliposoma maneno yale nilikuwa tena na miaka minane, nimesimama chini ya mti na wote wanacheka.

Nikaiweka nyuma ya saa ya mezani. Kukataa sikuweza, shimo lile ndilo lililotulea. Kukubali sikutaka. Nikasema acha angoje kidogo, aone uchungu. Nikaacha wiki ikapita, mwezi ukapita, kisha nikaona aibu ya kuchelewa, na aibu ikanichelewesha zaidi. Nilianza barua mbili za kumtuliza, nikazichana. Halafu ikaja telegramu kwamba ameanguka. Daktari hapa ananiambia ni mshipa wa kichwa, kiharusi hakitokani na mti wala na barua. Ni mtu msomi. Mimi nimelala hapa na siwezi kumwamini.

Sasa fanya hivi. Mketishe baba yako, mvue kofia asikie vizuri. Msomee hili kwa sauti: Icilda anasema ndiyo. Icilda anasema ndiyo, Uriah, ukate, na uishi. Mwambie ilichelewa njiani. Si uongo. Kisha shusha kile kijiti, ukibanikie nyama, umlishe kwa mkono wako mwenyewe, na asiache hata ngozi. Huo mti haujawahi kuzaa kitu, basi angalau mara hii moja ulishe mtu aliyeupenda.

Madaktari hawanipandishi ndege. Nitabaki hapa hapa, wana makaburi yao yenye nyasi fupi, si mabaya. Hili ni lako wewe, usimsomee. Ukifika hapa nyamaza. Mwache aendelee kunyoa ndevu.

Shangazi yako,
Icilda

*

Boston
4 Aprili 1982

Shangazi Icilda,

Shikamoo. Natumaini dada wa Barbados anakusomea, na kama ni yeye, asante dada, na usiruke kitu.

Barua yako ilitufikia Jumatano. Nilimketisha Baba bandani, nikamvua kofia. Bi Vashti nilimwomba akae kwake, akakaa, ila nilimwona dirishani. Nikasoma ulivyoagiza. Nilisoma mara moja, akanitazama. Nikasoma tena. Mara ya tatu alinyosha mkono, akachukua karatasi, akaishika kichwa chini, maana kusoma pia kumepotea. Akaweka kidole juu yake, akanitazama. Nikakisogeza kidole chake mpaka penye lile neno. Alikibakiza hapo muda mrefu. Hakulia, mimi ndiye niliyelia.

Kisha akanionyesha boriti.

Nilifungua waya, nikakilowesha kile kijiti, na kesho yake asubuhi tukawasha. Nilisugua bega moja la nguruwe kama ulivyonifundisha, Bi Vashti akakohoa mara tatu. Kijiti kilikuwa kimoja tu, nikakiweka katikati, chini ya nyama, fito nyingine nikaomba kwa watu. Nikafunika kwa bati mpaka moshi ukakosa pa kupitia. Tulikaa nao mchana wote, mimi na yeye. Shangazi, ile harufu siwezi kukutumia ndani ya bahasha. Nilijaribu. Nilikata kipande cha karatasi nikakishikilia penye moshi, ndicho hicho nimekikunja hapa ndani. Labda utapata kidogo, labda itakuwa imekwisha baharini.

Nyama ilipoiva niliikatakata kwa panga, nikampelekea kipande cha kwanza mdomoni. Akakigeuzia uso. Nikamwambia, Shangazi amesema usiache hata ngozi. Akageuza uso tena. Akanipokonya sahani kwa ule mkono wa kushoto, akachagua vipande vyenye ngozi, kimoja kimoja, vile vizuri, na robo ya shelisheli, akaviweka kwenye sahani ya maua ya bibi. Akaifunika kwa sahani nyingine. Akaninyoshea kidole juu ya kabati.

Nikaiweka. Ndipo akala chake, akakimaliza.

Tangu siku hiyo anakaa mlangoni kutazama barabara, amenyolewa, amevaa lile shati la kanisani. Gari lolote likipunguza mwendo anajaribu kusimama. Nimetaka kumwambia. Nimefungua kinywa mara nyingi, na wewe umenikataza, nami sijui ni nani kati yenu nimtii.

Leo ni siku ya nne. Sisimizi wameshaiona, na harufu imeanza kubadilika. Asubuhi nilipanda kwenye kiti niishushe, akaja akiburuta mguu, akanishika shati. Nikashuka. Sahani yako ipo juu ya kabati.

Mpwa wako,
Linval